Soseji za nyumbani: nimechoka kujazia kwa mashine ya kusaga nyama, ninunue mashine gani?

#1 MamaDoto_Kimara

Wakuu, habari za jioni. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana ndiyo kwanza nimemaliza kuosha vyombo na mkono wa kulia hauinuki.

Mwaka na nusu sasa natengeneza soseji nyumbani. Nilianza kwa ajili ya watoto tu, siku niliyosoma maandishi madogo nyuma ya pakiti nikaona maji na unga vimepewa heshima kuliko nyama. Kila Jumamosi nasaga kilo tatu, mbili za ng'ombe na moja ya kuku. Majirani wameshaonja, na jirani akishaonja mnajua kinachofuata.

Najazia kwa kile kinu cha mkono cha kufunga mezani. Natoa kisu, nafunga bomba la plastiki, nazungusha. Kilo tatu zinanila saa mbili. Nyama ikitoka imeshakuwa ujiuji, na nikikaanga mafuta yote yanabaki kwenye kikaango, soseji inakauka kama kamba ya katani.

Nimezunguka Kariakoo nimeona za aina tatu. Kuna ya kushika mkononi mithili ya bunduki, kuna ya kusimama yenye silinda na mkono wa kuzungusha (lita 3, lita 5, lita 7), halafu kuna mashine ya umeme ya kusaga inayokuja na mabomba yake ya soseji, muuzaji anasema "inafanya yote, mama". Bajeti ni laki tatu na nusu, nikibanwa sana laki nne. Nawasilisha.

#2 Popo_wa_Tabata

Nimetandika mkeka hapa. Mleta mada ungetaja kwanza ni Kimara ipi, tuje kukushauri ana kwa ana tukiwa na ndizi zetu za kuchoma.

#3 FundiJiriwa

Da' MamaDoto, hiyo ya "inafanya yote" iondoe kichwani. Ni ile ile uliyonayo, ila yenyewe itakuharibia nyama kwa kasi zaidi.

Ndani ya mashine ya kusaga kuna parafujo kubwa. Hiyo inaikamua nyama na kuisugua ukutani, nyama inapata joto, mafuta yanalainika na kujipaka kila mahali badala ya kubaki vipunje. Ukiyapeleka motoni hivyo yanakimbia yote. Ndiyo hiyo katani yako. Na parafujo ikikosa nyama kidogo tu inavuta hewa, ndiyo maana soseji zinakuwa na mapovu na kupasuka. Mashine ya kujazia ni kitu kingine kabisa: pistoni inashuka kwenye silinda na kusukuma tonge zima kama bomba la sindano. Hakuna kinachosagwa mara ya pili.

Ile ya bunduki, inayofanana na ya mafundi wa silikoni ya madirisha, inabeba nusu kilo, kubwa yake kilo moja hivi. Kilo tatu utaijaza mara tatu mpaka sita, na kila ukijaza umeingiza hewa upya. Inamfaa mtu anayejaribu viungo vipya kwa nyama kiduchu.

Inabaki ya wima. Nazo si sawa zote, kwa hiyo dukani usione haya, mwambie muuzaji afungue kifuniko cha giya. Giya za chuma ndizo. Za nailoni zitakutumikia vizuri mpaka siku utakapotumia bomba jembamba na nyama ngumu, hapo meno yanang'oka nyama ikiwa bado ndani. Angalia pia kama pistoni ina valvu ya hewa, kale kadude kadogo juu yake. Isipokuwa nayo, hewa iliyo kati ya pistoni na nyama itatokea kwenye soseji yako. Halafu tazama matundu ya kuchomeka mkono wa kuzungusha: nyingi zina mawili, la polepole la kujazia na la haraka la kupandishia pistoni. Yenye tundu moja tu utazungusha mpaka usiku kurudisha pistoni juu.

Kitu kimoja wauzaji hawakitaji kabisa, UPANA wa silinda. Nguvu ya mkono wako haibadiliki. Ukiitandaza kwenye pistoni pana, msukumo unaoifikia nyama unapungua. Pistoni ya sentimita 14 ina eneo karibu mara mbili ya pistoni ya sentimita 10, kwa hiyo na kazi ya mkono inakuwa hivyo hivyo. Kwa soseji nyembamba za watoto, silinda ndefu nyembamba itakupa raha kuliko fupi nene kama sufuria ya ubwabwa.

Kwa hali yako: wima, lita 3, giya za chuma. Ya lita 7 mwachie mwenye bucha.

#4 Chief_Kiloba

Mnamdanganya mama wa watu. Mimi nina ya umeme ya kusaga yenye mabomba, mwaka wa tatu huu, soseji zinatoka safi. Siri ni nyama iwe baridi mpaka vidole viume. Kununua mashine ya pili ni kutafuta pa kuweka vyombo.

#5 FundiJiriwa

Mkuu Kiloba, baridi ndiyo, hapo hatugombani. Ila unapojazia, unatumia lile bomba jembamba au nene?

#6 Chief_Kiloba

Nene. Natengeneza zile za kuzungusha kama koili, za kuchoma.

#7 FundiJiriwa

Basi ndiyo sababu. Kwa bomba nene na nyama iliyosagwa kubwa-kubwa, ya umeme inavumilika. Mpe bomba la milimita 10 na nyama laini ya kuku uone itakavyorudi juu kwa mdomo iliyoingilia.

#8 Mutura_Base

Niaje watu wa Bongo. Mimi ni wa Nairobi, nauza mutura jioni. Swali langu ni moja, hiyo mashine ni ya nini na mko na vidole? Matumbo unaosha poa, unaingiza faneli, nyama iliyokatwakatwa, damu, kitunguu, dhania na pilipili vinashuka na kidole gumba. Unachemsha kwanza halafu unaweka kwa makaa. Mathe yangu alisomesha watoto wanne na faneli.

#9 MamaDoto_Kimara

@Mutura_Base heshima kwa mama yako kaka. Ila mutura utumbo wake ni mpana, kidole kinapita. Ganda langu la kujazia soseji ni milimita 21, kidole gumba kikiingia hakitoki.

@FundiJiriwa asante sana, hilo la upana sijawahi kulisikia popote. Kwa hiyo nikikuta ya lita 5 kwa bei karibu na ya lita 3 niiache?

#10 Mstaafu_wa_Bucha

Vijana, nimekata nyama miaka thelathini na sita kabla magoti hayajanigomea. Mnabishana giya wakati nyama inaoza. Hebu binti aseme kwanza: nyama yake inakaa wapi tangu asage mpaka ajaze?

#11 MamaDoto_Kimara

Shikamoo mzee. Inakaa kwenye beseni mezani. Jikoni kuna joto kidogo.

#12 Mstaafu_wa_Bucha

Marahaba mwanangu. Kumbe. Kimara Desemba, saa mbili, kwenye beseni. Mashine yoyote utakayonunua, hata ya dhahabu, hiyo nyama ilishaharibika ukiwa unatafuta uzi wa kufungia.

Nisikilize. Nyama ikate vipande, itandaze kwenye sinia, iweke friza mpaka kingo ziwe ngumu ila katikati ibonyee. Visu na sahani ya matundu ya mashine navyo vilale humo humo. Saga. Rudisha kwenye friji. Ndipo utie chumvi na viungo na maji ya barafu, uchanganye kwa nguvu. Chumvi yangu ni gramu 16 mpaka 18 kwa kilo, na pima kwa mizani, kijiko kinadanganya. Changanya mpaka inate. Utajuaje? Chukua tonge, libandike kiganjani, geuza kiganja chini. Likidondoka, endelea kuchanganya. Hapo chumvi inakuwa imeshaivuta protini ya nyama, na hiyo ndiyo gundi inayoshika maji na mafuta. Wanaoweka unga mwingi wengi wao wameruka hatua hii.

Joto la nyama lisizidi nyuzi 4 za Selsiasi ukiwa unasaga. Kipimajoto cha jikoni ni bei ndogo, nunua hicho kabla ya mashine. Kitakufaa na wakati wa kupika pia: soseji ya ng'ombe iive mpaka nyuzi 71 katikati, ya kuku 74.

Na mafuta usitumie ya figo. Hayo ni magumu, yanaganda mdomoni kama mshumaa. Mwambie muuza nyama akupe ya kidari. Robo ya mchanganyiko iwe mafuta, ukipunguza sana ndipo unapata katani hata kama mashine ni nzuri. Kwa kuku, saga na ngozi yake.

Kuhusu lita 5, FundiJiriwa atajibu, mimi nasema chukua inayolingana na nyama unayoweza kuiweka baridi kwa mkupuo mmoja. Friji ya nyumbani haiwezi kilo tano na maziwa ya watoto.

#13 Popo_wa_Tabata

Mzee amefunga mjadala kisha akaondoka na funguo.

#14 BintiMaskati

Assalaam alaykum. Sie huku Maskati tunatengeneza sana mwezi wa Ramadhani, na mie nina ya wima ya lita 3 mwaka wa nne. Nataka kuongeza moja, maganda. Watu wananunua mashine ya laki tatu halafu ganda wanachukua lolote. Ya asili yako ya kondoo na ya nguruwe. Ya kolajeni mengi hutokana na ngozi ya ng'ombe, lakini yapo ya nguruwe pia, na yakishatolewa kwenye boksi lake huwezi kuyatofautisha kwa macho. Kwa hiyo mkinunua yaliyofungwafungwa kwenye mifuko midogo ya nailoni, ulizeni boksi lenyewe mlione. Kama MamaDoto anauzia majirani Waislamu, hilo ni la lazima khasa.

Jengine, kolajeni halishiki ukilisokota. Soseji ikipoa inajifumua. Fungeni kwa uzi wa pamba.

#15 MamaDoto_Kimara

Wa alaykum salaam dada. Asante. Mimi nilikuwa nasokota, zinafunguka, nikadhani nimelogwa. Na majirani upande wa kushoto ni Waislamu, kesho nalifuata hilo boksi.

#16 Mbeba_Boksi_Ohio

Nipo Marekani, nakuja likizo mwezi wa sita. Huku mashine hizi zimejaa kwa sababu wawindaji wa paa msimu ukifika kila mtu anajitengenezea soseji zake. Naweza kukubebea ya umeme dada, ya kujazia siyo ya kusaga, unakanyaga pedali kwa mguu mikono yote miwili inabaki kushika ganda.

#17 FundiJiriwa

Mkuu wa Ohio, moyo mzuri lakini utamletea kesi. Huko umeme wenu ni volti 120 na hetsi 60, hapa 230 na hetsi 50. Akichomeka tu, moshi. Itabidi anunue transfoma yenye uwezo, na hata hapo mota iliyotengenezwa kwa hetsi 60 inaweza kuzunguka taratibu na kupata joto. Mkono haujui volti. Na umeme ukikatika Jumamosi saa nne asubuhi, mkono unaendelea.

Kama una nafasi kwenye begi, mletee mabomba ya stenlesi ya ziada na mpira wa pistoni. Hivyo ndivyo vinavyopotea na kuchakaa. Lakini asubiri anunue mashine kwanza upate vipimo.

@MamaDoto kuhusu lita 5: usiende kwa lita, nenda na rula. Pima upana wa silinda. Kuna za lita 5 ambazo wameongeza urefu tu, hizo sawa. Ila kumbuka mashine ikiwa kubwa na nyama kidogo, kiasi kinachobaki chini kwenye kona na ndani ya bomba hakipungui, gramu mia mbili au tatu hivi hazitoki. Kwenye kilo tatu unaweza kuvumilia.

#18 Kijana_wa_Mbezi

Samahani kuingilia. Hivi ile chumvi ya pinki wanayoweka kwenye soseji ndiyo hii ya Himalaya inauzwa supamaketi? Nimenunua nusu kilo.

#19 Mstaafu_wa_Bucha

Hapana! Na wote mliopita hapa msome hili.

Ya Himalaya ni chumvi ya kula ya kawaida, rangi yake ni ya madini ya mwambani. Chumvi ya kutibia nyama wameipaka rangi ya pinki makusudi ili mtu asiichanganye na ya mezani, kwa sababu ina nitraiti ya sodiamu. Ile inayotumika sana ina asilimia 6.25 ya nitraiti, nyingine yote ni chumvi. Kipimo ni gramu 2.5 kwa kilo moja ya nyama, kwa mizani inayosoma nukta. Ukiimwaga kama chumvi ya mboga utaua mtu.

Kazi yake ni kuzuia bakteria wa botulizimu kwenye soseji zinazofukizwa moshi taratibu au kuanikwa, na ndiyo inayozipa ile rangi nyekundu-nyekundu. Jina lenyewe la ugonjwa limetoka kwenye neno la Kilatini *botulus*, maana yake soseji, kwa sababu Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1800 walikuwa wanakufa kwa soseji za damu zilizohifadhiwa vibaya. Soseji mbichi kama za MamaDoto, za kukaa friji siku moja mbili au kugandishwa kwenye friza kisha kupikwa, hazihitaji. Hiyo nusu kilo yako, kijana, weka kwenye maharage.

#20 Kijana_wa_Mbezi

Nashukuru mzee. Nimeogopa.

#21 Chief_Kiloba

Naomba kusema kitu. Leo nimejaribu ya kuku na bomba jembamba kwenye ile yangu ya umeme. Sitaki maswali.

#22 FundiJiriwa

😂 Karibu, mkuu. Kiti kipo.

#23 MamaDoto_Kimara

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Nimenunua ya wima, lita 3, laki tatu na ishirini baada ya kuvutana nusu saa. Duka la kwanza walikataa kufungua kifuniko cha giya, "mama utaharibu", nikaaga. La pili kijana akachukua bisibisi mwenyewe, giya za chuma, nikamwambia hapa hapa.

Siku ya kwanza ilikuwa fujo. Mashine ikawa inatembea mezani, mimi nazungusha inakuja, Doto anaishikilia huku analia. Kisha nyama ikaanza kupanda juu ya pistoni badala ya kushuka. Nikataka kuirudisha dukani. Nilimpigia FundiJiriwa (asante kwa kupokea usiku ule) akaniuliza mpira wa pistoni nimeuvalisha upande gani. Nilipouosha nilikuwa nimeugeuza. Ule mdomo wake unatakiwa utazame chini, kwenye nyama, ili ikisukumwa iubane ukutani. Nikageuza, nikapaka mafuta ya alizeti kidogo, ikanyamaza kimya.

Kwa kutembea, nimeazima klampu mbili za seremala jirani. Haitoki tena.

Jumamosi iliyopita kilo tatu zilichukua dakika 35 na kufunga uzi juu. Nyama ilitoka friza imeuma, nikaitengeneza matonge nikawa nayapigiza kwa nguvu ndani ya silinda kama nakanda ugali, hewa ikatoka. Yaliyobaki chini kwenye kona nayatia kwenye sambusa, watoto wamepagombania hapo kuliko soseji zenyewe. Mafuta kwenye kikaango ni kijiko kimoja tu.

Boksi la maganda nalo nimeliona, ni ya ng'ombe na lina alama ya halali. @BintiMaskati, picha nimekutumia.

Lalamiko moja. Mabomba yaliyokuja nayo ni ya plastiki na lile jembamba lina ncha yenye makali, limenipasulia maganda mawili.

#24 FundiJiriwa

Hongera dada. Hiyo ncha isugue kwa msasa laini, namba 400, halafu ioshe vizuri. Na ukipata nafasi badilisha uchukue ya stenlesi, mkuu wa Ohio sasa unaweza kumpa vipimo. Mpira wa pistoni ukichakaa usije ukaenda kuchonga wa tairi, wala kununua sili ya gari. Tafuta wa silikoni ya vyombo vya chakula.

#25 Mbeba_Boksi_Ohio

Nipe kipenyo cha shingo ya bomba kwa milimita, nitaleta mawili. Malipo ni soseji za kuku.

#26 Mstaafu_wa_Bucha

Binti, na giya zake usizitie maji. Futa kwa kitambaa, paka mafuta ya kula kidogo. Silinda, bomba na pistoni vioshe siku hiyo hiyo kwa maji ya moto, usilaze. Ukianza kuuza kweli kweli nje ya majirani, pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze kabla hujaenda TBS, shirika la viwango. Usisubiri mtu akuchongee.

#27 Mutura_Base

Sawa basi, imebidi niulize tu. Hiyo ya lita 5, inaweza pitisha vipande vya nyama na damu, ama inaziba?

#28 FundiJiriwa

Kwa bomba la milimita 32 au 38 inapita vizuri, vipande visizidi ukubwa wa punje ya mahindi. Damu ikiwa nyingi itakumwagikia mlango wa chini kabla hujaanza kuzungusha, kwa hiyo ziba mdomo wa bomba kwa kidole. Kidole gumba bado kina kazi.

#29 Popo_wa_Tabata

MamaDoto, mimi nipo Kimara Korogwe kituoni sasa hivi. Natumia njia ipi?

#30 MamaDoto_Kimara

Njoo na chombo chako. Na ndizi ulizoahidi.